Mbio za Skii Milimani: Historia ya Ubingwa wa Dunia na Safari ya Wanamichezo wa Afrika Mashariki

Barabara ya kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, hupanda takriban mita 1,000 katika mwendo wa kilomita 33 hivi, ikipindapinda kwenye kuta za Milima ya Usambara Magharibi. Kimo hicho kinakaribiana na kile kinachotakiwa katika mbio za mteremko za wanaume za ubingwa wa dunia wa skii, ambapo kanuni hutaka mahali pa kuanzia pawe juu ya mahali pa kumalizia kwa mita 800 hadi 1,100. Mshindani wa skii hushuka kimo hicho kwa muda wa dakika mbili hivi.

Kinachokosekana Usambara si mlima bali ni theluji. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Juni na Julai haifikii kiwango cha kuleta theluji. Hata hivyo, historia ya mchezo huu inaonesha kuwa kuzaliwa penye theluji hakujawahi kuwa sharti la kushindana.

Aina za mbio

Skii ni vibao viwili virefu na vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu maalumu ili mtu ateleze juu ya theluji. Katika mbio za milimani, kila mshindani hushuka peke yake akishindana na saa, huku akipita kati ya milingoti yenye bendera. Mbio za mteremko ndizo ndefu na zenye kasi kubwa kuliko zote, na kasi yake huweza kuzidi kilomita 130 kwa saa. Katika slalomu, milingoti hukaribiana na mshindani hulazimika kukata kona kwa haraka. Kati ya hizo mbili zipo slalomu kubwa na super-ji, ambazo huunganisha kasi na ustadi wa kona.

Chimbuko na kukua kwa mashindano

Shirikisho la Kimataifa la Skii (FIS) liliundwa Chamonix, Ufaransa, mwaka 1924. Miaka miwili kabla ya hapo, Mwingereza Arnold Lunn, mzaliwa wa Madras nchini India, alikuwa ameandaa mbio za slalomu za kisasa katika kijiji cha Mürren, Uswisi. Kijiji hicho ndicho kilichokuwa mwenyeji wa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia mwezi Februari 1931, ambayo wanawake walishiriki tangu mwanzo. Bingwa wa mbio za mteremko na slalomu kwa wanawake alikuwa Esmé MacKinnon, msichana wa miaka 17 kutoka Uingereza, nchi isiyo na milima mirefu ya theluji kama ile ya Uswisi au Austria.

Mbio hizo ziliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1936 huko Garmisch-Partenkirchen, Ujerumani. Slalomu kubwa iliongezwa katika ubingwa wa dunia mwaka 1950 mjini Aspen, Marekani, na super-ji mwaka 1987 huko Crans-Montana, Uswisi. Mwaka 1966 mashindano yalifanyika Portillo, Chile, mwezi Agosti, wakati ambapo kusini mwa dunia ni majira ya baridi. Hiyo ndiyo mara pekee ubingwa huo kufanyika kusini mwa Ikweta. Mwaka uliofuata lilianzishwa Kombe la Dunia, ambalo humpata mshindi kwa kujumlisha pointi za mbio za msimu mzima.

Waafrika kwenye theluji

Lamine Guèye wa Senegal alishindana katika Olimpiki ya Sarajevo mwaka 1984 na kuwafungulia njia Waafrika wengine weusi. Katika Afrika Mashariki, Philip Boit wa Kenya alitangulia mwaka 1998 huko Nagano, Japani, ingawa yeye alishiriki mbio za skii za masafa marefu. Miaka 20 baadaye, huko PyeongChang, Korea Kusini, Sabrina Simader aliiwakilisha Kenya katika slalomu kubwa na super-ji. Simader alizaliwa Kilifi, katika pwani ya Waswahili, akahamia Austria angali mtoto. Katika michezo hiyohiyo, Shannon Abeda, aliyezaliwa Kanada kwa wazazi wa Eritrea, aliipeperusha bendera ya nchi hiyo kwa mara ya kwanza katika Olimpiki ya majira ya baridi. Alirudi tena Beijing mwaka 2022 na kumaliza slalomu kubwa katika nafasi ya 39.

Simader na Abeda wote walikulia katika nchi zenye theluji. Hapo ndipo ugumu ulipo. Ili kufuzu, mwanamichezo hukusanya pointi katika mbio zinazotambuliwa na FIS, na nchi yake huhitaji kuwa na chama cha skii kilichojiunga na shirikisho hilo. Kanuni za Olimpiki huziwezesha nchi ndogo kupata nafasi ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja endapo wamefikia kiwango. Mlango huo uko wazi kwa Watanzania pia, lakini hadi michezo ya Beijing mwaka 2022 Tanzania haikuwa imeshiriki Olimpiki ya majira ya baridi.

Theluji inayopungua

Tanzania yenyewe si ngeni kwa skii. Mwaka 1912, miaka 10 kabla ya slalomu ya Mürren, wapanda milima Walter Furtwängler na Siegfried König walitumia skii walipokuwa wakishuka Kibo, kilele kikuu cha Mlima Kilimanjaro. Tangu mwaka huo hadi 2007, takriban asilimia 85 ya eneo la barafu ya mlima huo ilitoweka.

Nchi zenye theluji nazo zimeguswa. Ubingwa wa dunia uliopangwa kufanyika Sierra Nevada, Hispania, mwaka 1995 uliahirishwa kwa mwaka mmoja kwa kukosa theluji, na michezo ya Beijing ilitegemea karibu kabisa theluji iliyotengenezwa kwa mashine. Hivyo, swali lililokuwa la nchi za joto pekee, la namna ya kushindana pasipo theluji ya asili, sasa linaulizwa hata katika nchi ambako mchezo huu ulizaliwa.