Tarehe ya Mshumaa wa Saba, Sengerema

Mshumaa wa saba katika altare ya Sengerema ni wa Askofu wa Geita. Nalitanguliza hilo kwa sababu hawakosekani watu wa ng'ambo ya ghuba wanaodai kwamba, kwa kuwa wilaya yetu iko mkoa wa Mwanza, basi na heshima zetu za kiaskofu hutoka Mwanza. Mipaka ya serikali ni ya serikali. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012 sisi tuliachwa upande wa Mwanza, lakini Kanisa lilikwisha kutumega tarehe 8 Novemba 1984 lilipounda Jimbo la Geita.

Asili ya yote ni Bukumbi, na Bukumbi hakuna anayeibishia. Mapadre Weupe walifika Kageye mwishoni mwa 1878, wakaenda Buganda, wakarudi kwa shida, na mwaka 1883 wakajenga Kamoga, hapo Bukumbi. Hapo, Jumapili ya Pentekoste, tarehe 25 Mei 1890, Askofu Livinhac alimweka wakfu Jean-Joseph Hirth. Ibada ya zama zile ilikuwa na mambo! Kitabu cha Injili huwekwa mabegani mwa mteule, kichwa hupakwa krisma, kisha hukabidhiwa fimbo na pete. Wakati wa vipaji hupiga magoti mbele ya aliyemweka wakfu na kumtolea mishumaa miwili mikubwa inayowaka, mikate miwili na vipipa viwili vya divai. Mwisho huvishwa mitra na glovu, akaketishwa. Basi kila mitra iliyoonekana tangu hapo upande huu wa ziwa ni mjukuu wa mitra ile ya Kamoga. Hirth akaenda hadi Rwanda, akafia Kabgayi mwaka 1931. Upande huu alifuatwa na maaskofu Sweens, Oomen, Blomjous, Butibubage.

Nisimame kidogo kwenye bugia. Ni kinara kifupi chenye mkono, kilichobebwa na mtumishi karibu na kitabu kila askofu aliposoma. Wazee waliotumikia altare kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano husema kiliwashwa hata jua la saa sita, na aliyekishika hakuthubutu kukohoa. Asili yake ni Bougie, mji wa Algeria uliouza nta Ulaya. Na Mapadre Weupe nao Askofu Mkuu Lavigerie aliwaanzisha Algiers, nchi hiyohiyo, mwaka 1868. Kwangu mimi hayo si bahati nasibu. Tangu Papa Paulo VI aliporekebisha mapambo ya maaskofu mwaka 1968, bugia ikaanza kutoweka. Nta yenyewe haijatuishia: nyuki wa Tabora wapo.

Turudi kwenye ugomvi. Misa ya kawaida huwa na mishumaa miwili, minne au sita. Askofu wa jimbo akiadhimisha, huongezwa wa saba. Wenzetu wa Mwanza huleta kanuni ya 436 ya Sheria ya Kanisa, inayomruhusu askofu mkuu, kama wa Mwanza, kuadhimisha ibada katika makanisa ya kanda yake kama vile yuko jimboni kwake. Sawa. Avae palio, ule utepe wa sufu wa mabegani mwa askofu mkuu, maana palio ni ya kanda nzima, na Geita imo. Ashike na fimbo. Lakini Mwongozo Mkuu wa Misale, namba 117, unapotaja mshumaa wa saba humtaja askofu wa jimbo, basi. Na kitabu cha ibada za maaskofu kilitangazwa Roma tarehe 14 Septemba 1984, miezi miwili kasoro siku chache kabla ya Geita kuzaliwa. Jimbo letu lilikuta sheria imeshaandikwa.

Wa kwanza kuwashiwa kwa haki hiyo ni Aloysius Balina, mwana wa Usukuma, aliyelianza jimbo bila kurithi kiti cha mtu, akalibeba hadi alipohamishiwa Shinyanga mwaka 1997. Damian Dallu alikuja mwaka 2000, Flavian Kassala 2016. Katika zama za Kassala likatokea la kutisha: tarehe 26 Februari 2023 mtu alivunja Kanisa Kuu la Geita usiku na kuharibu vitu vitakatifu. Askofu akalifunga. Hakuna mshumaa uliowashwa humo, wa kwanza wala wa saba, hadi lilipofunguliwa kwa ibada ya toba tarehe 18 Machi.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuunganisha na Bukumbi, na mgeni wa Mwanza hafungwi tena na ratiba ya kivuko. Aje na palio yake. Sakristia itamwandalia mishumaa sita.