Killer on the Rampage

Killer on the Rampage ni albamu ya mwanamuziki na mpiga gitaa Eddy Grant, mzaliwa wa Guyana aliyekulia Uingereza. Ilitolewa mwaka 1982 kupitia Ice Records, lebo yake mwenyewe. Ni albamu ya pop inayochanganya rege, midundo ya Karibi, funk na roki yenye asili ya bluzi. Inajulikana hasa kwa nyimbo za "I Don't Wanna Dance" na "Electric Avenue".

Historia

Grant alianza kujulikana akiwa na kundi la The Equals la London, ambalo wimbo wake "Baby, Come Back" ulishika nafasi ya 1 nchini Uingereza mwaka 1968. Aliliacha kundi hilo baada ya kuugua sana mwaka 1971, kisha akaanzisha studio na lebo yake ili abaki na haki za kazi zake.

Mwaka 1982 alihamia Barbados, ambako alianzisha studio ya Blue Wave. Katika safari hiyo mizigo yake ilipotea, pamoja na nyimbo alizokuwa ameandika kwa ajili ya albamu iliyofuata. Ilimbidi aandike nyimbo nyingine haraka, na mojawapo ni "Electric Avenue". Sehemu kubwa ya ala katika albamu hii alipiga mwenyewe.

Muziki na maudhui

"Electric Avenue" ni jina la mtaa wa soko katika eneo la Brixton, kusini mwa London, lenye wakazi wengi wenye asili ya Karibi. Aprili 1981 Brixton ilikumbwa na ghasia kati ya vijana na polisi. Wimbo unaeleza umaskini na hasira ya watu wasio na kazi, ingawa mdundo wake ni wa kuchezeka. "War Party" unapinga vita, na "I Don't Wanna Dance" ni rege nyepesi.

Orodha ya nyimbo

* "Electric Avenue"
* "I Don't Wanna Dance"
* "It's All in You"
* "War Party"
* "Killer on the Rampage"
* "Funky Rock 'n' Roll"
* "Too Young to Fall"
* "Latin Love Affair"
* "Another Revolutionary"
* "Drop Baby Drop"

Mapokezi

Albamu ilifika nafasi ya 7 Uingereza na ya 10 Marekani. "I Don't Wanna Dance" ulishika nafasi ya 1 Uingereza kwa wiki tatu mwishoni mwa 1982. Mwaka 1983 "Electric Avenue" ulifika nafasi ya 2 katika nchi zote mbili, na baadaye ukateuliwa kuwania Tuzo ya Grammy ya wimbo bora wa R&B.

Mwaka 2020 Grant alimshtaki Donald Trump kwa kutumia "Electric Avenue" bila ruhusa katika video ya kampeni. Septemba 2024 jaji wa New York aliamua kwamba haki miliki ya Grant ilikiukwa.