Ukwamuaji: istilahi na vifaa vyake kwa pikapu ya porini

Neno la Kiingereza "recovery" limeingia katika Kiswahili kwa milango mingi. Kwenye kompyuta limekuwa urejeshaji, hospitalini ni kupona. Likifika kwenye magari, hasa katika maelezo yanayoambatana na bidhaa, hugeuzwa kuwa uokoaji, na hapo msomaji anapotezwa. Uokoaji ni wa watu: nyumba inapoungua, chombo kinapozama. Ndiyo kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Pikapu iliyozama kwenye tope hadi ekseli imekwama, na kazi ya kuitoa ina kitenzi chake ambacho dereva na utingo wake hukitamka kila masika: kukwamua.

Umbo la kitenzi hiki linajieleza. Ni kitenzi cha kutendua, ukoo mmoja na ziba na zibua, nasa na nasua, kunja na kunjua. Kuna hali iliyoshika, na kuna kitendo kinachoiondoa hali hiyo. Tukitaka jina la kazi tunapata ukwamuaji. Tukitaka kutaja chombo tunasema kamba ya kukwamulia, bati la kukwamulia. Kiswahili hakikopi chochote hapa, na mimi nashikilia kwamba istilahi hii itumike katika vitabu vya ufundi na kwenye vibandiko vya madukani, kwa sababu inatenganisha kazi mbili ambazo zikichanganywa mtu hufa.

Kazi ya pili ni kuvuta. Gari lililoharibika injini barabarani linavutwa: magurudumu yake yanazunguka, linafuata tu. Lililokwama limeshikwa na ardhi. Anayeijua mbuga ya udongo mweusi ya Shinyanga, au tambarare za Athi mvua ikinyesha, anajua udongo ule unavyofyonza gurudumu: nguvu ya kulitoa gari inaweza kufikia uzito wake wote, na hata kuuzidi. Basi kuna kamba mbili, na kwa macho zinafanana sana.

Kamba ya kuvutia hufumwa kwa poliesta, ambayo hairefuki sana, na hilo ndilo linalotakiwa ili gari la nyuma lifuate bila kurukaruka. Kamba ya kukwamulia hufumwa kwa nailoni. Ikipata mzigo hurefuka kwa takriban asilimia 20 hadi 30, kisha hujirudi. Gari linalosaidia huondoka kamba ikiwa imelegea kidogo, kwa mwendo wa taratibu. Nishati mwendo yake huingia kwenye kamba inayonyumbuka, na kamba inapojirudi hulichomoa lililokwama, ambalo dereva wake naye yuko kwenye gia ya chini akisaidia. Ukifanya hivyo kwa poliesta, au kwa mnyororo, nishati ile haina pa kuhifadhiwa. Inakuja yote kwa mshtuko mmoja, na kitu lazima kitoke: kamba, ndoano, au kipande cha fremu. Kwa hiyo anayenunua kamba aulize imefumwa kwa nyuzi gani kabla ya kuuliza bei.

Swali la pili ni la tani, na hapa tunahitaji istilahi mbili zaidi, kwa kuwa wauzaji huzichanganya. Nguvu ya kukatika ni mzigo unaoikata kamba. Mzigo salama ni ule ambao kifaa kimekusudiwa kuubeba siku zote. Kamba huandikwa ya kwanza. Pingu ya chuma, yaani kile kiungo chenye pini ya kuzungusha, huandikwa ya pili. Pikapu ya aina ya Toyota Hilux ikijazwa mzigo hufika tani 3 hivi. Kamba yake ya kukwamulia iwe na nguvu ya kukatika mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari jepesi kati ya mawili yaliyofungwa, kwa hiyo kamba ya tani 8 inafaa. Kamba nene kupita kiasi hairefuki vya kutosha kwa gari dogo. Pingu iwe na maandishi ya mzigo salama yaliyopigwa kwenye chuma chenyewe, tani 4.75 ndicho kipimo kilichozoeleka. Isiyo na maandishi isifungwe.

Halafu unaifunga wapi? Hili ndilo linaloniumiza zaidi, maana watu hununua kamba nzuri wakaitia mahali pabaya. Pikapu nyingi zina matundu chini ya bodi yaliyowekwa kwa ajili ya kulifunga gari melini lisitikisike. Hayo si ya kukwamulia. Wala kile kichwa cha mviringo cha kufungia tela si cha kukwamulia: kikikatika huruka kama risasi, na Australia watu wameuawa nacho. Panapofaa ni ndoano iliyokazwa kwa bolti kwenye fremu na kutengenezwa kwa kazi hiyo. Kama gari lako halina, anza na ndoano, kamba itafuata. Na watazamaji wasogee mbali, zaidi ya urefu wa kamba, asibaki hata mtoto mmoja karibu.

Mara nyingi, hata hivyo, kamba haihitajiki kabisa. Punguza upepo. Tairi lenye psi 35 likishushwa hadi 18 au 20 kwenye mchanga hurefusha alama yake chini, uzito husambaa, na gari hutoka lenyewe. Kifaa chake ni kipimo cha upepo pamoja na pampu ya kuurudisha, kwa sababu kurudi barabarani na tairi laini ni hatari nyingine. Sepetu nayo huchimba njia mbele ya magurudumu na kuondoa tope lililoshika ekseli. Vitu hivi vina bei ndogo kuliko winchi na hutumika mara nyingi zaidi.

Mabati ya kukwamulia yana historia ya kupendeza. Mwingereza Ralph Bagnold na wenzake, walipokuwa wakivuka jangwa la Libya kwa magari ya Ford mwishoni mwa miaka ya 1920, walibeba vipande virefu vya chuma wakivitia chini ya magurudumu kila yalipozama mchangani. Vya leo ni vya plastiki ngumu yenye meno. Kosa moja huviharibu: kukanyaga mafuta kwa nguvu. Gurudumu linalozunguka ovyo huyayeyusha meno yale, na kibao hakishiki tena.

Winchi huja mwisho, kwa anayesafiri peke yake. Kanuni ni uwezo wa mara moja na nusu ya uzito wa gari lenye mzigo, kwa hiyo pikapu ya tani 3 inataka winchi ya tani 4.5 hivi. Ongeza kapi. Darasani huitwa roda, na mabaharia wa majahazi wamelitumia tangu zamani kupandishia tanga. Ukilifunga kapi kwenye mti na kuirudisha ncha ya kamba kwenye gari, nguvu ya kuvuta huongezeka karibu maradufu na mwendo hupungua nusu. Mti uvikwe mkanda mpana usikatwe gome. Kwenye mbuga isiyo na mti, tairi la akiba hufukiwa ardhini likiwa limesimama, kamba ikiwa imepitishwa katikati ya rimu, na kushindiliwa udongo. Kulifukia ni kazi ya jasho, lakini hushika.