Bunduki Iliyoundwa kwa Ajili ya Soko

Mwanahistoria amezoea kuitazama silaha kwa upande wa vita. Ni nadra kuitazama kwa upande wa soko. Lakini bunduki za Kirusi ziitwazo AK-101 na AK-103, zilizotolewa na kiwanda cha Izhevsk katika miaka ya 1990, hazifahamiki vema ila kwa njia hiyo ya pili.

Asili yake yajulikana. Mikhail Kalashnikov, askari wa vifaru, alijeruhiwa mwaka wa 1941 karibu na Bryansk, na mwaka wa 1949 bunduki aliyoibuni ilikubaliwa na jeshi la Kisovyeti. Ilikuwa na sehemu chache, ikavumilia matope na mchanga. Moscow iliwagawia rafiki zake bunduki hiyo, na wengine, kama Uchina na Bulgaria, wakafundishwa kuiunda. Faida iliyotafutwa siku hizo ilikuwa urafiki wa dola, wala si fedha. Ndiyo maana wapigania uhuru wengi waliishika, na Msumbiji ikaitia katika bendera yake.

Dola ya Kisovyeti ilipovunjika mwaka wa 1991, jeshi la nyumbani lilipunguza sana ununuzi wake. Kiwanda kilichokuwapo tangu 1807 hakikuwa na budi kutafuta wanunuzi ng'ambo. Hapo ndipo bunduki ilipoanza kumfuata mteja. Jeshi la Urusi lilikuwa likitumia risasi ya milimita 5.45, lakini AK-101 ilitengenezewa risasi ya milimita 5.56, ile ya majeshi ya NATO, adui wa jana. AK-103 nayo ilirudia risasi ya zamani ya milimita 7.62, kwa kuwa nchi nyingi zilikuwa na ghala zake tayari. Kitako cha mbao kikaachwa, kikatiwa cha plastiki nyeusi kinachokunjwa ubavuni.

Je, soko lilipatikana? Lilipatikana, lakini kwa taabu. Mwaka wa 2006 Venezuela ilipokea AK-103 zipatazo 100,000. Lakini kila mahali muuzaji alimkuta mshindani mmoja: bunduki kuukuu za ukoo huo huo, na nakala zake zilizoundwa na wale waliofundishwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Ukarimu wa dola moja ulikuwa umeziba njia ya biashara ya dola iliyoirithi. Na ubora ule ule wa kutochakaa ukawa hasara kwa muuzaji, maana bunduki ya babu bado yalia mikononi mwa mjukuu.

Yatupasa tuangalie jambo moja zaidi. Kalashnikov alifariki mwezi wa Desemba 2013. Mwezi uliofuata ilichapishwa barua aliyomwandikia Patriaki wa Kanisa la Urusi, akiuliza kama yeye ana hatia kwa roho zilizotolewa na bunduki yake. Hapo awali alizoea kujibu kwamba aliiunda ili kuilinda nchi yake. Jibu hilo laweza kuitetea bunduki ya 1949. Lakini AK-101 iliundwa kwa kipimo cha risasi za wengine, kwa ajili ya mikono ya yeyote mwenye bei. Kwa hiyo swali la mzee yule haliwezi kuzikwa pamoja naye. Limewabakia wauzaji na wanunuzi, nao bado hawajalijibu.