Mto Barada na Ziwa la Utaiba: Tahara ni Mas'ala, Madhara ni Mas'ala Mengine

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume Wake (S.A.W.): wanafunzi wanaosoma Minhaj humjua Imam Nawawi (aliyefariki 676 H / 1277 M) kwa milango yake ya tahara. Imam huyu alisoma na kusomesha Damascus, mji ulioishi kwa mto mmoja, Barada.

Barada hutoka milima ya magharibi upande wa Zabadani, huongezewa na chemchemi ya Ain al-Fija, kisha hugawanywa mifereji. Mmojawapo hunasibishwa na Yazid bin Muawiya. Maji yalifika misikitini, hamamuni na majumbani, yakanywesha mabustani ya Ghuta, na mabaki yakaishia ziwa la Utaiba, mashariki ya mji. Hafidh Ibn Asakir (aliyefariki 571 H / 1176 M) aliieleza mifereji hiyo katika Tarikh yake.

Katika karne ya 20 mji ulikua, na majitaka pamoja na maji ya viwanda vya ngozi yakamiminwa mtoni, na wakulima wa Ghuta wakamwagilia mazao kwayo. Mtambo wa kusafisha majitaka ulijengwa Adra mwishoni mwa miaka ya 1990. Ziwa nalo lilikauka, kwa kuwa maji yalimalizwa kabla hayajalifikia.

Huenda mtu akasema: maji yakifika kulateni, takriban lita 200, hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu, basi mto una ubaya gani? Tunasema: huku ni kuchanganya mas'ala mawili. Mlango wa tahara humjibu anayeuliza, "Je, nitawadhe?" Haumjibu anayeuliza, "Je, nimwage?" Huyu wa pili amejibiwa na Mtume (S.A.W.) alipotahadharisha kujisaidia wanapoteka watu maji, na alipokataza kudhuru.

Itazame ngozi yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ngozi ya mzoga hutaharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Lakini dawa za kudibaghi, kama kromiamu, zikiingia mtoni huwadhuru wanywao na walao mazao, hata maji yasipobadilika machoni. Kazi inayotaharisha ngozi yaweza kuharibu mto.

Basi maimamu wanaosomesha kulateni wasiishie hapo. Wafundishe pia haki ya aliye chini ya mkondo. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.