Kwa nini kuku huacha kutaga wakati wa joto kali

Kila mwaka kati ya Januari na Machi, jua linapowaka kutoka Malindi hadi Garissa, malalamishi huwa ni yale yale katika maboma yanayofuga kuku wachache nyuma ya nyumba. Tetea waliokuwa wakitaga karibu kila siku hupunguza mayai, na hatimaye viota hubaki vitupu. Anayetegemea trei moja ya mayai kwa wiki kununulia unga na sukari hulazimika kuamua upesi: awavumilie, awauze au awachinje. Wengi huchukua kisu, na si ajabu wakawa wamemchinja kuku ambaye angerejelea kutaga baada ya wiki mbili au tatu.

Ili kuelewa kinachotendeka, ni vyema kujua kwamba joto la mwili wa kuku ni takriban nyuzi 41 za Selsiasi, ilhali la binadamu ni 37. Kuku hana tezi za jasho, na manyoya yake huhifadhi joto kama blanketi. Hupoza mwili kwa kuinua mabawa, kupitisha damu kwenye kilemba na vinyama vinavyoning'inia chini ya mdomo, na hasa kwa kutweta. Kuku mtagaji hustarehe zaidi kati ya nyuzi 18 na 24. Joto likipita nyuzi 30, kutweta huanza. Katika ukanda wa Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, hata kutweta huko hakumfai sana kwa sababu maji hayakauki upesi kutoka kinywani na kooni.

Kumeng'enya chakula nako huzalisha joto mwilini. Kwa hivyo kuku aliyelemewa na joto hupunguza kula. Mtagaji wa kisasa huhitaji kati ya gramu 110 na 120 za chakula kwa siku. Akikosa kiasi hicho, hukosa protini na madini ya kuundia yai. Mwili hutumia kidogo kilichopo kumweka hai, na utagaji ndio hukatizwa kwanza.

Mara nyingi ganda ndilo hutoa ishara ya mapema. Ganda la yai ni madini ya kalsiamu yaliyoungana na kabonati, ambayo hutokana na hewa ya kaboni iliyo katika damu. Kuku anapotweta kwa saa nyingi huipumua hewa hiyo nje kupita kiasi, damu hubadilika, na tezi ya kutengenezea ganda hukosa malighafi. Ndiyo sababu mayai huwa na ganda jembamba, huvunjika kiotani au hutoka na utando mtupu. Kumlaumu muuza chakula kwa hali hii, kama wafanyavyo wengi, huenda kukawa ni kumwonea.

Halafu kuna maji. Karibu robo tatu ya yai lisilo na ganda ni maji, na siku ya joto kuku mmoja anaweza kunywa hadi nusu lita, maradufu ya kawaida yake. Hata hivyo, kuku huyakataa maji yaliyopata moto. Chombo kinaweza kuwa kimejaa pomoni huku kuku wakishinda na kiu kwa sababu kimeachwa juani au kimejazwa kutoka kwenye tangi jeusi lililo juu ya paa.

Kabla ya kulaumu joto, mfugaji anapaswa kuondoa shaka nyingine. Kuku wa kienyeji akishataga mayai kumi au kumi na matano hutaka kuatamia, naye hukaa kiotani akiwa amefura manyoya. Anayenyonyoka manyoya hupumzika kutaga kwa miezi miwili au mitatu. Utitiri, ambao huongezeka haraka wakati wa joto, hufyonza damu usiku. Kagua nyufa za banda kwa tochi. Wapo pia wanaotaga vichakani, na nyoka au kicheche akawatangulia wenye nyumba.

Ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni kideri. Kuku aliyezidiwa na joto hutweta mchana na kutulia jioni upepo unapovuma. Anayeendelea kukoroma usiku, anayetoa kinyesi cha kijani au kupinda shingo si mgonjwa wa joto. Atengwe na afisa wa mifugo aitwe mara moja. Kumimina dawa za viini katika maji bila kujua ugonjwa ni hasara tupu, kwani kideri husababishwa na virusi na hakina tiba, ila chanjo ya mapema.

Kuhusu kisu, mkono wa mfugaji unaweza kumwamulia. Mshike kuku na kupapasa mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na sehemu ya kutagia. Ikiwa vidole viwili au vitatu vinapita katikati, na kilemba ni chekundu na laini, huyo bado ni mtagaji. Kidole kimoja kikipita kwa shida na kilemba kimesinyaa, ameacha kutaga kwa sasa. Mtie uzi mguuni, umpime tena hali ya hewa ikipoa.

Wakati huo huo, chakula kitolewe alfajiri na jioni, na maji yabadilishwe adhuhuri kwa yaliyotoka mtungini. Maganda ya chaza au ya mayai, yaliyokaushwa na kupondwa, yawekwe katika chombo chake ili kila kuku ajichukulie. Paa la makuti au nyasi hupoza banda kuliko mabati matupu. Mwenye mabati anaweza kuyafunika kwa makuti na kuacha kuta mbili za wavu ili upepo upite. Kuku wasifukuzwe wala kuchanjwa mchana.

Anayepanga kununua vifaranga kwa ajili ya maeneo haya asipuuze kuku wa kishingo, ambao hawana manyoya shingoni, wala wa kidimu wenye manyoya yaliyojikunja. Ingawa sokoni hudharauliwa kwa sura zao, upungufu huo wa manyoya huwawezesha kutoa joto kwa urahisi na kustahimili jua linalowalemea wenzao.