Huyu Mbwa Analinda Nini?

Mbwa wangu anaitwa Mheshimiwa. Ni pagi, wale mbwa wafupi wa pua bapa na macho ya kutokeza, na uso wake umekunjamana kama wa mtu aliyengoja mkutano uanze tangu saa mbili. Tunaishi Emali, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili karibu na barabara kuu ya Mombasa, na hakuna chumba ambacho hajakiibia patipati. Huwa anachukua mguu mmoja tu. Anaupeleka chini ya tangi la maji, anaulalia, na akitafutwa anakoroma kama trela linalopanda mlima. Wiki ya kwanza nilipita mlango hadi mlango nikiomba msamaha. Wiki ya pili majirani wakaacha hata kuniuliza. Mtu akikosa kiatu anainama mwenyewe chini ya tangi.

Susu wa chumba cha kwanza ndiye aliyenipa mtihani. Alimwona Mheshimiwa akikatiza uani na leso yake mdomoni, akaniita.

"Mwanangu, huyu ni ngiti kweli?"

"Ni ngiti, susu."

"Habweki, hawindi, usiku analala ndani. Sasa analinda nini?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo.

Swali lenyewe lilikuwa la haki. Huku Ukambani mbwa ni mfanyakazi. Aliandamana na mwindaji porini, akalinda mbuzi, akabweka usiku mtu akikaribia boma. Mshahara wake ni makombo ya ugali, na malazi yake ni popote palipo na kivuli. Ploti yetu ina mbwa wa aina hiyo, Simba, aliyefungwa langoni mchana na kufunguliwa usiku. Hakuna anayeuliza Simba analinda nini. Lakini pia hakuna anayejua ana miaka mingapi.

Basi nikaanza kusoma. Mababu wa Mheshimiwa hawakuwahi kulinda kitu. Walitoka Uchina, kwenye majumba ya wafalme, na kazi yao ilikuwa kukaa mapajani mwa wakubwa. Meli za biashara za Waholanzi ndizo zinazotajwa kuwafikisha Ulaya, ambako ukoo wa kifalme wa Orange uliwapenda, na kutoka huko wakavuka hadi Uingereza. Mchoraji William Hogarth alijichora pamoja na pagi wake mwaka 1745. Ukiitazama picha hiyo utaona mbwa mwenye pua ndefu kuliko ya Mheshimiwa. Pua ilizidi kufupishwa baadaye, watu wakichagua wazazi wenye uso bapa, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu ya urembo tu. Gharama ya urembo huo naiona Emali kila saa sita mchana, mwenzangu akihema sakafuni huku nimemfunika taulo lililoloweshwa. Tukitoka matembezi, tunatoka kabla jua halijakaza.

Malkia Victoria naye alifuga pagi. Hapo ndipo nilipofunga kitabu kidogo, maana Victoria si mgeni huku kwetu. Mwaka 1896, yeye akiwa bado kitini, serikali yake ilianza kujenga reli kutoka Mombasa kuelekea Uganda. Mwaka 1898 mafundi walikuwa Tsavo, simba wakiwala. Mei 1899 vyuma vikafika Nairobi. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo reli ilipopita hapa Emali. Reli hiyo ya zamani ipo bado, na ile mpya ya mwaka 2017 ina kituo chake hapa hapa.

Kwa reli hiyo waliingia watu, barua, chumvi, bunduki, na mbwa. Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark, alipokuja kuolewa Mombasa Januari 1914, alikuja na mbwa mkubwa wa kuwindia paa, wa asili ya Skoti, aliyepewa kama zawadi ya harusi. Aliitwa Dusk. Safari ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa ya treni, kwa hiyo Dusk alipita Emali. Nimewahi kusimama kwenye reli ile jioni, Mheshimiwa akitafuna kamba yangu ya kiatu, nikamwazia huyo mbwa wa kizungu dirishani, mwenye jina ambalo miaka zaidi ya mia moja baadaye bado tunalijua. Nje, pembeni ya reli, bila shaka kulikuwa na mbwa wa Kikamba wakiitazama treni ikipita. Wa hao hatuna jina hata moja.

Ningeishia hapo, hadithi ya kuchekesha kuhusu ndala na malkia. Lakini mwaka uliofuata Mheshimiwa alitoroka.

Langoni paliachwa wazi, naye akafuata harufu ya buchari. Pale nje huwa kuna mbwa koko wanaongoja mifupa, na Mheshimiwa, ambaye maisha yake yote hajawahi kungoja foleni, akaingia katikati yao. Alirudi akiwa na damu sikioni. Kijana wa bodaboda akaniambia kuna mbwa mwekundu aliyekuwa akitokwa na mate mengi, akiyumba, aking'ata kila kinachopita. Ndiye aliyemng'ata Mheshimiwa. Na kabla ya hapo alikuwa amemng'ata mguuni mtoto wa miaka saba, wa ploti ya pili.

Mheshimiwa alikuwa na kadi ya chanjo. Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki, akamchoma sindano nyingine siku hiyo hiyo, nikalipa kwa simu, tukamaliza kabla chai haijapoa. Mama wa yule mtoto alifanya kila kitu sawasawa: aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, akambeba mtoto mbio. Kituo cha kwanza wakaambiwa sindano imekwisha. Cha pili wakaambiwa warudi kesho. Waliipata siku ya pili, mji mwingine, baada ya matatu mbili na mchango wa majirani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakina tiba, mtu hufa, kwa hiyo zile siku mbili zilikuwa ndefu kuliko ninavyoweza kusimulia. Mtoto alimaliza sindano zake zote na yuko mzima. Lakini usiku ule, Mheshimiwa akikoroma mguuni pangu, niliona aibu ambayo sijui niiite nini. Mbwa wangu wa kuiba patipati alihudumiwa mbele ya mtoto wa jirani.

Nikarudi kusoma, safari hii si kuhusu wafalme.

Hapa Kenya kichaa cha mbwa kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa, pembeni mwa Nairobi. Kufikia wakati huo dawa ya kukizuia ilikuwa na miaka 27: Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister huko Paris Julai 1885. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulipothibitishwa kwetu kinga yake ilikuwa tayari duniani. Kilichokosekana ni mtu wa kumfikia mbwa wa kijijini.

Mkoloni alijua kuhesabu mnyama alipotaka. Mwaka 1938 aliwahesabu ng'ombe wa Wakamba, akasema wamezidi, akaanza kuwachukua kwa nguvu. Watu wetu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea kwa maelfu hadi Nairobi kudai mifugo yao. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini mpango ule wa lazima ukaachwa. Ng'ombe alikuwa mali, kwa hiyo alikuwa na watetezi na maadui. Mbwa hakuwa na bei mnadani, kwa hiyo hakuwa na yeyote.

Waliokuja kumhesabu vizuri ni watafiti, miaka ya 1990, katika wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilitolewa mwaka 1992. Walichokuta kinapingana na maneno tunayopenda kusema. Tunasema "mbwa koko", kana kwamba wameota barabarani. Wao walikuta zaidi ya nusu ya nyumba zina mbwa, na karibu kila mbwa ana mwenyewe. Ila wengi hawafungwi, wanakula makombo, wanakufa wangali wachanga, na wachache mno wamechanjwa. Yule mbwa mwekundu wa buchari pengine alikuwa wa mtu. Alikuwa na boma alilolinda. Alikosa kadi tu.

Mwaka 2014 Kenya ilitoa mpango wa kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti tano za kuanzia, pamoja na Kitui, Machakos, Siaya na Kisumu. Hesabu yake ni nyepesi. Karibu visa vyote vya binadamu, hadi asilimia 99, hutoka kwa mbwa. Ukichanja mbwa 70 kati ya kila 100, mwaka baada ya mwaka, ugonjwa unakosa pa kupita. Huhitaji kuua mbwa hata mmoja. Kumchanja mbwa ni rahisi sana kuliko kumkimbiza mtoto miji mitatu.

Kampeni ya chanjo ilipofika kwetu, kwenye uwanja wa shule, nilimfunga Mheshimiwa kamba. Halafu nikaenda langoni nikamfungua Simba. Susu alikuwa amekaa mlangoni akichambua ndengu.

"Unawapeleka wapi wote wawili?"

"Kuchanjwa, susu."

Njiani watoto walitufuata kumcheka yule mwenye uso wa mkutano. Kila aliyecheka nilimuuliza, kwenu kuna mbwa? Wengi walikuwa nao. Wengine walikimbia nyumbani, wakarudi wakivuta mbwa kwa kamba za mkonge, nyaya, hata mshipi wa baba. Kwenye meza karani aliuliza jina la kila mbwa ili aandike kadi. Watoto kadhaa waligeukiana, wakabuni jina papo hapo. Simba alipewa miaka minne, kwa kukadiria meno.

Tuliporudi, susu alishika kadi ya Simba, akaitazama mbele na nyuma, kisha akaiweka juu ya dirisha lake isilowe. Kuhusu Mheshimiwa hakuuliza tena analinda nini. Aliuliza tu patipati yake ya kulia iko wapi.